Picha zote zimeskaniwa, majina yako kwenye gunia: kisa cha studio ya Bombo

Kisa hiki naandikia watu wa maktaba na hifadhi za nyaraka, hasa wewe ambaye saa hii una andiko la mradi mezani na mfadhili anakuuliza mtaskani picha ngapi kwa mwezi. Swali lenyewe ukilisikia unaona halina ubaya. Sisi lilitugharimu sana.

Maktaba ni ya chuo kikuu kimoja hapa Uganda, jina naliacha. Kampuni iliyopewa kazi nayo naiacha bila jina, maana mkataba uliotuharibia kazi nimeshauona kwingine, karibu maneno yale yale, kwa hiyo ukisema ni kosa la vijana fulani walioshika skana utakuwa hujaelewa kilichotokea.

Mali ilitoka Bombo. Kwa asiyejua, Bombo iko barabara ya Gulu, wilaya ya Luwero, mji wa jeshi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na kwao Wanubi wengi wa Uganda, jamii yenye asili ya askari waliotoka Sudan. Mzee mmoja pale alifungua studio miaka ya 1960 akafanya kazi mpaka 1979, serikali ya Amin ilipoanguka na Wanubi wengi wakakimbia mji. Studio haikufunguliwa tena, lakini mkewe alikimbia na makopo ya picha pamoja na watoto, makopo yakaenda mbali yakarudi, na mzee na mkewe walipokwisha kufariki watoto wakayaleta maktaba wakasema hapa ndo yatakuwa salama. Ndani kulikuwa na negativu za filamu ya 120, zile za mraba wa sentimita 6 kwa 6, kila oda kwenye bahasha yake, halafu albamu za picha zilizosafishwa, madaftari ya wateja, na rundo la karatasi: barua, risiti za dawa za kusafishia picha, vibali, mpaka madeni.

Hapa kwenye bahasha nataka tukae kidogo, maana kesi nzima iko hapa. Kila bahasha ilikuwa na namba, tarehe, jina la mteja, nakala ngapi kaagiza na kalipa kiasi gani. Nyingine ina maneno ya ziada, kama "anasafiri Jinja Jumatatu" au "mke mdogo asionyeshwe hii". Namba ya bahasha ndiyo namba ya mstari kwenye daftari. Daftari mzee aliandika kwa kalamu ya buluu, mteja akichukua picha zake mstari unakatwa kwa kalamu nyekundu, na deni linaandikwa kwa penseli pembeni ili likilipwa lifutwe. Yaani mzee yule, ambaye hakuna aliyemfundisha ukutubi, alikuwa na katalogi kamili. Ungemwendea 1975 ukamwambia nataka picha ya harusi ya kaka yangu ya 1968 angefungua daftari, akachukua namba, akakupa negativu hata chai haijapoa.

Sasa pesa za mradi zikaja. Tenda ikatangazwa kwa bei ya picha moja na ukurasa mmoja, aliyetaja bei ya chini akapewa. Wakaja vijana wachapakazi kweli, asubuhi wapo, jioni wapo, na walifanya kile walicholipwa kufanya. Bahasha zinapunguza mwendo, kwa hiyo negativu zote zilitolewa zikapangwa mafungu mafungu na bahasha zikatiwa kwenye gunia. Faili zikaitwa SCAN_0001, SCAN_0002, kwenda mbele. Albamu zilikuwa za ile aina ya gundi na plastiki juu, hizo zilipigwa ukurasa mzima na plastiki yake, taa ikajaa usoni mwa watu. Madaftari na karatasi zikaenda kwa timu nyingine chumba kingine, skana ikawekwa nyeusi na nyeupe tupu, piksel 200 kwa inchi. Mwisho wa mkataba tukapokea hard disk moja imejaa JPEG, ripoti ikasema asilimia mia, mfadhili akafurahi, picha ya pamoja ikapigwa.

Tatizo lilijulikana siku alipokuja mtoto wa familia nyingine ya Bombo, mtu mzima sasa, akiuliza ile ile: harusi ya wazazi wake, 1968. Tukafungua kompyuta. Nyuso maelfu. Mabibi harusi wengi, wamevaa vizuri, wanatuangalia, na hatuna hata jina moja. Alikaa na sisi mpaka jioni anapekua faili moja moja halafu akaondoka mikono mitupu. Mpangilio wa mzee ulikuwa umevuka vita na ukimbizi wote ule ukiwa mzima, ukaja kuvunjwa ndani ya chumba chetu chenye AC. Mimi kila nikifikiria hilo linaniuma.

Basi twende kwenye uchambuzi wenyewe, kitu gani hasa kilipotea na kilipotea vipi.

Kwanza karatasi, kwa sababu watu wengi wanadhani karatasi ni rahisi. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa rangi, piksel 400 kwa inchi, bila kubanwa, unatoa faili ya megabaiti kama 46. Ukurasa ule ule kwa nyeusi na nyeupe tupu, piksel 200, haufiki hata nusu megabaiti. Mtu anayelipwa kwa ukurasa, na disk ananunua mwenyewe, atachagua kipi? Lakini nyeusi na nyeupe tupu maana yake kila nukta ni ama nyeusi ama nyeupe, hakuna kati. Kwenye daftari la mzee buluu ikawa nyeusi, nyekundu ikawa nyeusi, kwa hiyo mstari uliokatwa kwa sababu picha zimechukuliwa na mstari uliokatwa kwa sababu mzee alikosea kuandika huwezi kuvitofautisha. Penseli yote ikapotea kabisa. Madeni ya watu wa Bombo ya miaka kumi na zaidi, nani alikuwa anakopeshwa, askari wanaishiwa mwisho wa mwezi au katikati, hayo yote ni historia na yalikuwa pale kwenye karatasi, kwenye faili hayapo. Hata Tesseract, programu ya kompyuta ya kusoma maandishi, ilishindwa na risiti zilizopigwa taipu, maana herufi zilikuwa zimekatika katika. Tulipokuja kuziskani upya kwa rangi, Tesseract ile ile ikasoma risiti hizo vizuri tu. Maandishi ya mkono ni habari nyingine, hayo mpaka leo tunachapa wenyewe.

Pili, na hili ndo kubwa, picha na maandishi vilitenganishwa. Picha zikaenda chumba hiki, karatasi chumba kile, kila timu na hesabu yake. Vyuo vingi vinapanga hivyo, kitengo cha picha kivyake na cha nyaraka kivyake, na kwa mkusanyiko mwingine inaweza isidhuru. Kwa studio inaua. Negativu bila bahasha ni mtu asiyejulikana, na bahasha bila negativu ni jina tu.

Bahati yetu gunia halikuchomwa. Mama anayefanya usafi aliliona karibu na takataka akasema vitu vyenye mwandiko wa mtu mzima havitupwi hivi hivi, akaliweka stoo chini ya ngazi. Bila yeye nisingekuwa na kisa cha kuandika.

Kurudisha kila negativu kwenye bahasha yake ni kazi ya macho na subira. Filamu ya 120 kwa mraba ule inatoa picha 12, na pembeni mwa filamu kuna namba zinazofuatana zilizochapwa kiwandani, pamoja na jina la mtengenezaji. Hiyo inakuambia kipande chenye 4 na chenye 5 vinaweza kuwa jirani. Halafu mzee alikuwa anakata kwa mkasi, na mkono wa mtu hauendi wima sawasawa, kila mkato una mwinamo wake. Ukiweka vipande viwili juu ya meza ya taa ukavisogeza mpaka kingo zikutane, vikishikana bila mwanga kupita katikati basi vilikuwa roli moja. Tukapata mafungu.

Kutoka fungu kwenda bahasha, kutu ndo iliyotusaidia zaidi ya kitu chochote. Mzee alibana vipande kwenye bahasha kwa klipu za chuma, na kwa unyevu wa huku, miaka yote hiyo, klipu zikaota kutu. Klipu zenyewe ziling'olewa zikatupwa ila doa lake la kahawia lilibaki pande mbili, kwenye bahasha na kwenye ukingo wa filamu, na kila doa lina umbo lake. Kuna moja lilikuwa na mkia umepinda kushoto. Dada mmoja wa timu yetu alilikumbuka, akalitafuta kwenye bahasha, akalipata: harusi, 1968, jina la ukoo wa yule bwana. Tukampigia simu siku ile ile.

Njia nyingine ilitoka kwenye zile karatasi ambazo watu wa picha hawakuwahi kuziona. Kulikuwa na risiti ya mchoraji, ya 1971, mzee kamlipa kuchora pazia jipya la nyuma ya studio, milima na ziwa. Kuanzia hapo picha yoyote yenye milima ile nyuma ni ya 1971 au baada yake, na yenye pazia la zamani la maua ni ya kabla. Karatasi moja ya malipo ikapanga mamia ya picha. Ukiniuliza kwa nini maandishi na picha vishughulikiwe na watu wale wale, meza ile ile, nitakuonyesha risiti hiyo kwanza.

Zilizobaki tukazipeleka Bombo. Tulichapa picha ndogo ndogo kwenye karatasi kubwa, tukaomba nyumba moja itukaribishe, wakaja wazee wa pale, hasa wamama. Na hapa nilijifunza namna ya kuuliza. Mwenzangu alianza na "Hajati, huyu ni nani?" kila picha, na majibu yalikuwa simjui, simjui. Mpaka Hajati mmoja akamkatiza: "Mwanangu, uso wa mtu miaka hamsini utaukumbuka? Niulize gurbaba kafungwa na nani." Gurbaba ni vazi la wanawake wa Kinubi. Akaanza kueleza: hii gurbaba ilikuwa ya nyumba fulani, walikuwa wanaazimana kwa harusi, na aliyemfunga bibi harusi hivi ni shangazi fulani, basi huyu lazima ni binti wa fulani aliyeolewa na yule koplo. Tukaenda kwenye daftari, koplo yupo, namba ipo, bahasha ipo. Baada ya hapo tukawa tunauliza nguo ya nani, kiti hiki kilikuwa nyumba gani, viatu hivi nani aliazima, na majina yakaja yenyewe. Kwenye rekodi tunaandika pia nani alitambua na lini, na kama wazee wawili wamepingana tunaandika yote mawili, hatuchagui mshindi.

Wazee hao hao walituambia pia zipi zisionyeshwe, na hili halikuwa hata kwenye andiko la mradi. Yale maneno "mke mdogo asionyeshwe hii" unaweza kucheka, lakini wajukuu wa wake wote wawili wapo, wanakaa mtaa mmoja. Kuna picha za askari wa miaka ya sabini, vijana waliovaa vizuri wapigwe picha za kuwatumia wazazi wao, na baadhi hawakuonekana tena baada ya 1979. Familia nyingine wanataka picha hizo zionekane haraka iwezekanavyo, nyingine wanaogopa mtu aone gwanda la wakati wa Amin aanze kuwatukana watoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, tuna ya hakimiliki ya 2006, na kushika sanduku la picha hakukupi haki ya kuzitangaza, kwa hiyo tuliandikiana upya na familia ya mzee. Lakini sheria haitakuambia mke mdogo ni nani. Hilo unaambiwa Bombo, ukikaa chini na watu.

Tulikuwa na mfano mzuri hapa hapa nyumbani na kwenye andiko letu hatukuugusa. Picha za serikali ya Amin zilizokuwa zimelala UBC, shirika la utangazaji la taifa, zilikuwa negativu kama 70,000, nazo kwenye bahasha zenye maandishi ya mkono. Kazi ya kuziskani ilianza 2018, UBC pamoja na watafiti wa University of Michigan na University of Western Australia, na Mei 2019 sehemu yake zikaonyeshwa pale Uganda Museum, Kamwokya. Pale maandishi ya bahasha yalichukuliwa kuwa sehemu ya kumbukumbu yenyewe, ndo maana mtu anaweza kusimama mbele ya picha akajua tukio gani, tarehe gani.

Kazi tuliyorudia imeenda hivi. Kitu cha kwanza ni penseli laini, wala sio skana. Bahasha inapewa namba yetu karibu na namba ya mzee bila kuifuta ya mzee, mstari unaandikwa kwenye eksel, ndipo negativu itoke. Glavu za naitrili kwa picha na negativu, kwa karatasi mikono mitupu iliyooshwa ikakauka, maana glavu zinakupotezea hisia ya vidole unararua ukurasa. Picha za albamu za gundi tunazitoa kwa uzi wa kusafishia meno usio na nta, unaupitisha taratibu nyuma ya picha kama unakata sabuni, na ikikataa inaachwa, inapigwa pale pale plastiki ikiwa imefunuliwa na taa zikiwa pembeni. Kila picha mbele na nyuma. Kila bahasha mbele na nyuma. Faili kuu ya kuhifadhi ni TIFF, isiyopunguza ubora wa picha, ya kuonyesha watu ni JPEG. Negativu zilizoanza kunuka siki zinapita mbele ya foleni zote, maana filamu ya asitati ikianza kuoza hivyo hairudi nyuma, na harufu yake inaharakisha jirani zake, basi zinatengwa sanduku lao. Picha zinataka unyevu wa asilimia 30 mpaka 50, na ukijua Kampala mvua za Machi mpaka Mei utajua tunapigana na nini.

Umeme nao. Ukikatika wakati TIFF inaandikwa kwenye disk faili inaweza kuwepo, jina lipo, saizi inaonekana sawa, ukifungua nusu ya picha ni kijivu. Tunapitisha kila faili kwenye SHA-256, hesabu ya kompyuta inayotoa kama alama ya kidole ya faili, mara inapotengenezwa na tena baada ya kunakiliwa, herufi na tarakimu 64 zikitofautiana hata moja inaskaniwa tena. UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ipo lakini peke yake isikudanganye. Nakala ni tatu, moja inakaa nje ya Kampala kabisa, na hapo hatukuhitaji kumshawishi mtu yeyote chuoni, kila mmoja anakumbuka asubuhi ya Septemba 20, 2020, jengo kuu la Makerere lilivyoungua.

Kwenye DSpace, programu yetu ya hifadhi ya kidijitali, namba ya mzee ndo kitambulisho cha kwanza cha kila rekodi. Kulikuwa na ubishi, wengine walitaka namba za maktaba zitangulie ili mfumo wote ufanane. Mimi nilipinga na ninaendelea kupinga. Daftari linazungumza kwa namba za mzee, risiti zinazungumza kwa namba za mzee, hata familia wana picha ukutani zenye namba hizo nyuma. Majina nayo yanaandikwa kama yalivyo kwenye bahasha, halafu sehemu ya pili jina kama familia inavyoliandika leo.

Sio zote zimerudi. Kuna negativu ambazo hazina doa wala jirani, na kuna bahasha tupu zenye majina ya watu ambao wajukuu wao wanatupigia simu. Hizo tumeziweka wazi hivyo hivyo kwenye mfumo: picha isiyo na bahasha, bahasha isiyo na picha. Tukiona mwanya tunajaribu tena.

Mfadhili aliuliza kwa nini awamu hii idadi imeshuka sana. Tulimpeleka kwenye kompyuta, tukamwambia atafute mtu yeyote kwa jina kwenye hard disk ya kwanza, halafu atafute kwenye mfumo mpya. Akakubali kubadilisha kipimo. Kampuni mbili zikajitoa kwenye tenda zilipoona masharti, ya tatu ikapandisha bei na tukailipa. Kama uko kwenye kuandika mkataba wako sasa, kipengele chetu kinachukulika kama kilivyo: "Malipo yatafanywa kwa rekodi kamili. Rekodi kamili ni picha mbele na nyuma, bahasha yake mbele na nyuma, na mstari wake wa daftari uliochapwa na kuhakikiwa na mtu wa maktaba. Hakuna kitu kitakachotolewa kwenye bahasha kabla ya kupewa namba, na hakuna bahasha, klipu, karatasi wala kamba itakayotupwa bila saini ya mkutubi."